Kuongeza Vyakula Visivyopikwa katika Mlo wa Kila Siku wa Familia: Mwongozo Kamili

Katika nyumba nyingi za Tanzania, karibu kila kinacholiwa kwa siku hupita kwanza motoni: ugali au wali, maharage, dagaa, mchicha au tembele iliyoungwa mpaka ikabadilika rangi, na chai yenye kitafunwa kilichokaangwa. Kachumbari husubiri siku ya pilau, na matunda huonekana kuwa burudani ya watoto au kitu cha kumpelekea mgonjwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayepanga, anayenunua na anayepika chakula cha familia, ili umsaidie kuweka kitu kimoja kisichopikwa kando ya kila mlo, bila kuifukuza sufuria, bila kuongeza gharama kupita kiasi, na bila kuwaletea watu wa nyumbani maradhi ya tumbo. Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndiyo maana nimelipa nafasi kubwa kuliko mapishi yenyewe.

Kwanza kipimo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, sawa na sehemu 5 za gramu 80 kila moja, na viazi, mihogo na mizizi mingine yenye wanga haihesabiwi humo. Si lazima gramu zote hizo ziwe za vitu vibichi. Pendekezo langu ni kwamba sehemu 2 au 3 kati ya hizo 5 zisipite motoni, na zilizobaki ziendelee kuwa mboga za kupikwa kama kawaida. Familia inayofika hapo imefika mbali, wala haihitaji kuvuka.

Hatua ya kwanza: kutenganisha kinachofaa kuliwa kibichi na kisichofaa

Wapo wanaohubiri kwamba chakula chochote kisichopikwa kina uhai ambao moto huuua, na kwamba vimeng'enya vyake huja kuusaidia mwili kusaga chakula. Dai hilo halina msingi, kwa kuwa vimeng'enya vya mimea ni protini, na protini hizo huvunjwavunjwa tumboni kama protini nyingine yoyote. Sababu za kweli za kula baadhi ya vitu vibichi zinatosha bila kuongezewa chumvi. Vitamini C na foleti huharibiwa na joto na pia huyeyuka katika maji, hivyo mboga iliyochemshwa kwa muda mrefu na maji yake kumwagwa hupoteza sehemu kubwa ya virutubisho hivyo. Matunda na mboga mbichi pia hujaza tumbo kwa maji na nyuzinyuzi, wala hayahitaji mafuta ya kukaangia.

Sababu nyingine inazihusu moja kwa moja nyumba zinazoishi kwa maharage na mboga za majani. Madini ya chuma yaliyomo katika vyakula hivyo hufyonzwa kwa shida na mwili, lakini ufyonzwaji huongezeka pale vitamini C inapoliwa katika mlo uleule. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Kachumbari yenye hoho na ndimu kando ya maharage, au kipande cha papai mara baada ya mlo, ni msaada halisi. Chai inayonywewa pamoja na mlo hufanya kinyume chake, kwa sababu huzuia madini ya chuma kufyonzwa, na ingefaa isogezwe mbele kwa saa moja hivi.

Hata hivyo, moto una faida zake ambazo hatupaswi kuzidharau. Beta-karotini ya karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na laikopini, yaani rangi nyekundu ya nyanya, hupatikana kwa urahisi zaidi zikipikwa na kuwekewa mafuta kidogo, na ndiyo sababu familia yenye busara hula nyanya kwa njia zote mbili, mbichi katika kachumbari na zilizoiva katika mchuzi. Aidha, vipo vyakula ambavyo havipaswi kabisa kuliwa bila kupikwa. Maharage, hasa mekundu, yana lektini inayosababisha kutapika na kuharisha, na ni lazima yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguziwa moto. Kisamvu ni lazima kitwangwe na kupikwa vizuri, kwa kuwa majani na mizizi ya muhogo hutoa sayanidi. Najua kwamba mihogo mitamu huuzwa mibichi barabarani Dar es Salaam pamoja na vipande vya nazi na karanga, na wengi huila bila kudhurika. Hata hivyo, sishauri iwe chakula cha kila siku cha mtoto, kwa sababu mnunuzi hana njia ya uhakika ya kujua muhogo ulio mkononi mwake una sumu kiasi gani. Magimbi huwasha koo yakiwa mabichi, na viazi mviringo vilivyogeuka kijani vina sumu ambayo hata kupika hakuiondoi yote. Mayai, nyama, samaki na maziwa yaliyokamuliwa havimo katika mwongozo huu. Vipikwe, na maziwa yachemshwe.

Karanga zinastahili neno lao. Zikiwa zimesinyaa, zimebadilika rangi au zina ukungu, zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kukaanga. Zichambueni kwa mkono juu ya ungo, na zilizoharibika zitupwe, zisipewe hata kuku.

Hatua ya pili: maji, mikono na kisu

Chakula kinachopikwa husamehe uzembe mwingi wa jikoni, kwa kuwa moto huua vijidudu vingi, kisichopikwa hakisamehi. Kipindupindu, homa ya matumbo, amiba na mayai ya minyoo husafiri juu ya majani na ndani ya maji ya kuoshea. Familia ambayo bado haijawa na mpango wa maji salama ianzie hapa kabla ya kununua tango la kwanza.

Tengeni ndoo moja yenye koki na mfuniko kwa ajili ya maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini. Maji ya kuchemsha yaachwe yatokote kwa dakika moja kamili, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa; ya klorini yafuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti. Maji haya ni ya kunywa na ya kusuuzia mara ya mwisho. Kuosha kwa mwanzo, kwa lengo la kuondoa udongo, kunaweza kufanywa kwa maji ya kawaida ya bomba.

Utaratibu wa kuosha ni huu. Nawa mikono kwa sabuni. Ondoa majani ya nje ya kabichi na sehemu zilizooza za kitu chochote. Majani kama saladi na kotimiri yaachanishe moja moja, kwa sababu kuosha kichala kikiwa kimefungwa hakusafishi katikati. Sugua karoti, matango, nyanya, maembe na mapapai kwa mkono au brashi chini ya maji yanayotiririka, au ya kumiminwa kwa jagi kama bomba halipo. Hili la kusugua msilipuuze, kwa kuwa mayai ya minyoo yana ganda gumu ambalo klorini hailiwezi, na kinachoyaondoa ni kusuguliwa na kuchukuliwa na maji.

Mboga zitakazoliwa na maganda yake, pamoja na majani yote, ziendelee na hatua ya pili ya kuzamishwa katika maji yenye klorini. Jiki ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 4 hadi 5, hutosha kwa kipimo cha kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, katika lita 5 za maji, ambacho hutoa takriban miligramu 40 hadi 50 za klorini kwa lita. Someni nguvu yake kwenye lebo, na msiichanganye kamwe na siki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Zamisha kwa dakika 5 hadi 10, kisha suuza kwa maji salama ya kwenye ndoo. Maji ya chumvi, ambayo watu wengi huyategemea, husaidia kuwatoa wadudu waliojificha katikati ya majani, lakini hayaui vijidudu vya maradhi kwa kiwango cha kutegemewa, na sabuni haifai kwa sababu huingia ndani ya mboga.

Matunda ya kumenywa nayo huoshwa kabla ya kumenywa. Kisu kinachopita juu ya ganda chafu la tikiti au nanasi hubeba uchafu huo hadi kwenye nyama ya tunda, na mtu hula kile alichodhani amekitupa na maganda.

Kibao na kisu cha vitu vibichi viwe vyake peke yake. Ikiwa nyumba ina kibao kimoja tu, kachumbari ikatwe kwanza, ifunikwe na kuwekwa pembeni, ndipo kuku au samaki afuate. Kinyume chake ni njia fupi ya kuipeleka damu ya kuku kwenye nyanya ambazo hazitapikwa tena.

Mamlaka zinapotangaza kipindupindu katika eneo lenu, simamisheni kachumbari na saladi zote kwa muda, mboga zipikwe na kuliwa zikiwa za moto, na mbaki na matunda mnayoyamenya wenyewe kwa mikono safi. Ndimu iliyokamuliwa juu ya chakula haitoshi kuwa kinga. Kusimamisha huko hakuvunji mpango. Ni sehemu yake.

Hatua ya tatu: kuanza na tunda, tena asubuhi

Mabadiliko yaliyo mepesi kuliko yote hayahusu kupika. Wiki mbili za mwanzo, kila mtu apate tunda moja kabla ya chai au pamoja na kitafunwa, na pasiwe na badiliko lingine lolote. Mapera yanastahili heshima kubwa kuliko tunayoyapa: gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, wakati papai lina takriban 60, chungwa 50 na ushei, na embe bivu kama 36. Kwa kuwa mtu mzima anahitaji takriban miligramu 45 kwa siku kwa kipimo cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya Duniani, pera moja la wastani linamtosha na kubaki.

Tunda liliwe kama tunda. Juisi iliyochujwa huacha nyuzinyuzi kwenye chujio, na sukari ya machungwa manne hunyweka kwa pumzi moja ilhali machungwa manne hayaliki kwa urahisi huo. Mwenye kisukari anaweza kula matunda kwa kiasi alichoelekezwa na wataalamu wake, lakini juisi ni jambo jingine kabisa kwake. Ubuyu pia una vitamini C kwa wingi, ila ubuyu unaouzwa ukiwa umepakwa sukari na rangi nyekundu ni peremende. Nunueni unga wake au mbegu zisizopakwa kitu.

Hatua ya nne: kachumbari ya kila siku

Hiki ndicho kiini cha mwongozo huu. Familia zetu hazihitaji kujifunza saladi za kigeni wakati tayari tuna chakula kibichi ambacho kila mtu anakipenda, kinachokubaliana na ugali, wali, maharage, samaki na ndizi, na kinachotengenezwa kwa robo saa. Kinachohitajika ni kukitoa kwenye sinia la sherehe na kukiweka kwenye mlo wa Jumanne.

Kwa watu sita, chukua nyanya tatu za wastani zilizoiva lakini ngumu, tango moja, karoti moja, nusu ya pilipili hoho, kitunguu kimoja kidogo na ndimu moja. Kiasi hicho kitampa kila mmoja zaidi ya gramu 100. Hoho na karoti zisionekane kuwa mapambo. Nyanya ina takriban miligramu 14 tu za vitamini C kwa gramu 100, na tango 3 hivi, wakati hoho ya kijani inafika 80. Kachumbari ya nyanya na tango peke yake huburudisha zaidi kuliko inavyolisha.

Anza na kitunguu. Kikate vipande vyembamba sana, kinyunyizie chumvi, kifikiche kwa vidole mpaka kilegee, kisha kisuuze mara mbili ili makali yatoke. Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea bila kujua, kwa sababu kila kitu kimeoshwa vizuri, halafu kitunguu kinasuuzwa kwa maji ya bomba yasiyotibiwa na kuingia moja kwa moja kwenye bakuli. Tumia maji ya kwenye ndoo ya maji salama. Baada ya hapo kwangua karoti, kata hoho na tango, na umalizie na nyanya, ambazo huchuja maji zikikaa. Ndimu na chumvi vitiwe wakati wa kupakua, kwa kuwa chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga na bakuli hugeuka supu ndani ya nusu saa. Chumvi yenyewe iwe kidogo, maana kiwango cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote alivyokula. Pilipili iwekwe pembeni ili kila mtu ajitilie.

Kinachokosekana katika kachumbari ya kawaida ni mafuta kidogo, ambayo mwili unayahitaji ili kufyonza karotini ya karoti. Parachichi lililokatwa vipande vidogo linatosha kabisa. Kijiko cha karanga zilizopondwa au nazi iliyokunwa pia hufanya kazi hiyo, na hubadilisha ladha siku ambazo watu wameanza kuchoka.

Kachumbari iliwe ndani ya saa mbili tangu ikatwe, na katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari ni afadhali saa moja. Kiporo chake kisiliwe jioni kikiwa kibichi. Kitieni kwenye mchuzi kipikwe.

Hatua ya tano: kupanua bakuli

Kachumbari ikishazoeleka, ndipo vitu vingine huingia, kimoja kwa wiki. Kabichi ni rafiki wa mfuko, kwani moja hulisha familia siku kadhaa na ina takriban miligramu 36 za vitamini C kwa gramu 100. Siri yake ni wembamba: ikatwe kama nyuzi, ikamuliwe ndimu na kufikichwa kidogo, iachwe dakika kumi ilainike, kisha ichanganywe na karoti iliyokwanguliwa. Ikikatwa minene, watoto wataitafuna kwa shida na kuikataa, na kosa halitakuwa lao.

Chatini za pwani nazo ni hazina. Embe bichi lililokwanguliwa na kuchanganywa na kitunguu, pilipili na chumvi huenda vizuri na wali wa nazi na samaki wa kukaanga; nazi iliyotwangwa na kotimiri, pilipili na ndimu huenda na viazi au mihogo ya kuchemsha. Figili zikipatikana zikatwe vipande vyembamba.

Mchicha, majani ya maboga na tembele mimi nayaacha sufuriani. Yana oksaleti, kemikali ya mimea inayozuia madini kama kalsiamu kufyonzwa, na yakipikwa kwa muda mfupi, yakaungwa kwa nyanya na kuliwa na kachumbari pembeni, familia hupata faida za pande zote mbili.

Hatua ya sita: kununua kwa msimu na kutunza

Tunda la msimu ni bora na ni rahisi mfukoni kwa wakati mmoja. Maembe hujaa masokoni kuanzia Novemba hadi Februari, na ndipo pia mananasi ya Kiwangwa wilayani Bagamoyo yanaposhuka bei. Machungwa ya Muheza huchukua nafasi katikati ya mwaka. Karoti, kabichi na saladi za Lushoto, pamoja na parachichi za Rungwe na Njombe, hufika katika masoko ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ndizi mbivu na papai hazina msimu wa kusubiriwa.

Muulizeni muuzaji mboga zake zimetoka wapi, hasa majani. Bustani za mabondeni mijini, zikiwamo za kando ya Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, humwagiliwa maji ambayo kwa miaka mingi yamepokea majitaka ya makazi na viwanda, na hakuna kuosha kunakotoa madini mazito yaliyokwishaingia ndani ya jani. Mboga ambayo asili yake haijulikani isiliwe mbichi. Nyanya zenye unga mweupe au wa kijivu zina mabaki ya dawa ya ukungu. Zisuguliwe vizuri, na kama muuzaji ana nyingine, chagueni hizo. Matunda yaliyokatwa na kupangwa wazi barabarani yapiteni, nunueni zima mkakate nyumbani.

Nyumba isiyo na friji inunue kidogo kila siku moja au mbili. Mboga zihifadhiwe bila kuoshwa, kwenye kapu lenye hewa mahali penye kivuli. Karoti zikatwe majani yake ya juu, na kotimiri isimamishwe kwenye glasi ya maji. Mwenye nafasi ya uani anaweza kupanda kotimiri, hoho na saladi kwenye viroba, akitumia mbolea iliyooza kikamilifu, kwa maana samadi mbichi huleta vijidudu vilevile tunavyojaribu kuvikimbia.

Hatua ya saba: kila mtu kwa kadiri yake

Tumbo lililozoea ugali na wali mweupe halipendi kushtukizwa na nyuzinyuzi nyingi kwa siku moja. Litajaa gesi na kuuma. Ndiyo sababu hatua hizi zimetandazwa kwa wiki kadhaa, na maji ya kunywa yaongezwe sambamba nazo.

Watoto wachanga hawahitaji kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama mpaka watimize miezi 6, ndipo papai, parachichi na ndizi mbivu zilizopondwa ziingie. Karoti mbichi kwa mtoto mdogo ikwanguliwe, isikatwe vipande, na karanga nzima zisitolewe kwa aliye chini ya miaka 5, kwa sababu vyote viwili vinaweza kumkaba. Mtoto anayekataa mboga asilazimishwe. Mpeni kazi ya kukamua ndimu au kuchanganya bakuli, mwekeeni kidogo tena siku inayofuata, na mle wenyewe mbele yake.

Mjamzito aendelee kula matunda na kachumbari, lakini kuosha kwake kuwe kwa makini zaidi, maana udongo wenye kinyesi cha paka unaweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni. Mwenye vidonda vya tumbo apunguze ndimu na pilipili. Mgonjwa wa figo amuulize daktari kabla ya kuongeza ndizi na parachichi, kwa kuwa zina potasiamu nyingi, na anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anazokula. Wale ambao kinga yao ya mwili imeshuka sana, kwa mfano walio katika matibabu ya saratani, wafuate maelekezo ya kliniki yao hata kama yatawazuia mboga mbichi kwa muda.

Mtu yeyote wa nyumbani akianza kuharisha maji maji au kutapika, apewe maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini na apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kesho, na vyakula visivyopikwa visimamishwe kwa wote mpaka ijulikane tatizo lilitoka wapi.